Pikipiki kuukuu inunuliwe pamoja na maandishi yake

Katika mji wa Rhamu pikipiki haihesabiwi kuwa chombo cha fahari. Mji wetu umo Kaunti ya Mandera, ukingoni mwa mto Daua unaotutenga na Ethiopia, na umezungukwa na vijiji na malisho ambayo basi haliyafikii. Mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali, mama mjamzito anayepelekwa hospitali, mchuuzi wa maziwa na mwanafunzi anayewahi mtihani, wote hutegemea magurudumu mawili. Pikipiki inapoharibika kwetu, kuna darasa linalokaa bila mwalimu siku hiyo.

Kwa kuwa pikipiki mpya ni ghali, wengi wetu hununua zilizokwisha kutumika. Huzinunua katika yadi za Mandera, Wajir, Garissa na hata Nairobi, iliyo umbali wa kilomita 1,000 hivi. Wako wauzaji waaminifu, tena wengi, na si haki kuwatia wote katika kapu moja. Lakini wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara hii vibaya vinavyojitembeza si haba. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: mnunuzi anapogundua kwamba ameuziwa mbuzi guniani, afanye nini?

Nitatoa kisa kimoja. Mwalimu mwenzangu, ambaye jina lake nalihifadhi, alinunua pikipiki kuukuu katika yadi moja ya mji wa mbali kwa shilingi 75,000. Muuzaji alimhakikishia mambo mawili: kwamba injini haijawahi kufunguliwa, na kwamba hati ya umiliki, ambayo wengi wetu huiita logibuku, ingehamishwa kwa jina lake ndani ya juma moja. Fedha zilitumwa kwa simu. Alichopewa ni risiti ya mistari mitatu, na chini yake mhuri uliosema kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Siku ya kumi na moja pikipiki ilianza kufuka moshi wa buluu. Fundi alipoifungua aliona kwamba ringi za pistoni zimekwisha, na kwamba vichwa vya bolti vilikuwa na alama za spana. Injini ilikuwa imefunguliwa zamani, pengine zaidi ya mara moja. Hati nayo haikuja, na ilipotafutwa ilionekana kuwa bado iko kwa jina la mtu wa tatu ambaye mwalimu huyo hakuwahi hata kumsikia. Alipopiga simu yadini, alijibiwa kwa kicheko na kukumbushwa ule mhuri.

Hapo ndipo mashauri yalipomiminika. Wazee wengine walimwambia amwachie Mungu, kwani maji yakimwagika hayazoleki. Vijana wa ukoo wake walikuwa na rai nyingine: waende yadini kwa wingi wao, wachukue pikipiki nzuri zaidi na kuondoka nayo. Rai zote mbili zilitolewa kwa mapenzi, na zote mbili nilizipinga. Ile ya kwanza humfundisha mdanganyifu kwamba uongo una faida. Ile ya pili ni hatari kubwa zaidi, hasa kwetu sisi. Itakumbukwa kwamba kati ya mwaka 2012 na 2014 Rhamu na maeneo jirani yalionja uchungu wa mapigano ya koo, watu wakauawa na familia nyingi zikahama. Katika mji wenye kumbukumbu kama hiyo, ugomvi wa mtu na muuzaji wake haupaswi hata kidogo kugeuzwa kuwa ugomvi wa ukoo na ukoo. Pikipiki moja haina thamani ya damu ya mtu.

Je, iko njia ya tatu? Naam, iko, nayo ni sheria. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu, pamoja na sisi tunaoshika chaki, hatuijui.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, imekuwapo tangu mwaka 1931. Msingi wake ni ule wa kale usemao mnunuzi na ajihadhari, lakini sheria hiyo yenyewe imeuwekea msingi huo mipaka. Ikiwa muuzaji ni mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina ile, na mnunuzi akanunua kwa kutegemea maelezo, basi sheria huchukulia kwamba bidhaa hiyo inafaa kuuzwa. Tena mnunuzi akimjulisha muuzaji wa namna hiyo kazi anayoitakia bidhaa, na ikaonekana kwamba anategemea ujuzi wake, hapana budi bidhaa iifae kazi hiyo. Ndiyo sababu ni vizuri kutamka wazi, mbele ya shahidi, kwamba pikipiki inatakiwa kwa safari ya kila siku ya barabara ya mchanga.

Yafaa ieleweke kwamba kinga hii ina masharti. Ukiikagua bidhaa mwenyewe, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Tairi lililokwisha meno laonekana kwa macho, hivyo usilipelekee mtu kesi. Ringi za pistoni zimo ndani ya injini, wala hakuna mnunuzi anayetarajiwa kuzipasulia yadini. Aidha, ukinunua kwa jirani yako ambaye si mfanyabiashara wa pikipiki, sehemu kubwa ya kinga hii haikuhusu. Bei ya jirani yaweza kuwa nafuu, lakini mnunuzi hana budi kukumbuka kwamba kinga yake ni nyembamba.

Na ule mhuri je? Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 iliendeleza haki hizo. Inamhesabu mfanyabiashara kuwa ameidhamini bidhaa yake kuwa na ubora unaokubalika kiasi, na inatangaza kuwa batili sharti lolote linalokusudia kuifuta dhamana iliyowekwa na sheria. Kwa hiyo mhuri wa kwamba bidhaa hazirudishwi waweza kumzuia mtu aliyebadilisha nia tu baada ya kununua. Hauwezi kumkinga muuzaji aliyesema uongo juu ya injini. Ni wino tu, na wino wa mhuri hauishindi sheria ya Bunge.

Hata hivyo, sheria humsaidia anayeamka mapema. Mnunuzi akikaa na bidhaa kwa muda uliozidi kiasi bila kumwambia muuzaji kwamba ameikataa, huhesabiwa kuwa ameikubali. Hapo haki ya kuirudisha na kudai fedha zote hupotea, ikabaki haki ya kudai fidia ya kasoro. Anayeona moshi leo na kuendelea kubeba abiria kwa miezi mitatu anajiharibia kesi yake kwa mikono yake mwenyewe. Dawa ni kuegesha pikipiki, kumwita fundi, kupiga picha na kuandika barua siku zile zile. Wakazi wa mbali kama sisi tufarijike kwa jambo moja: sheria haimlazimishi mnunuzi kuisafirisha bidhaa aliyoikataa hadi kwa muuzaji, ila pale walipokubaliana hivyo. Yatosha kumjulisha muuzaji kwamba imekataliwa. Hakuna haja ya kuipakia pikipiki mbovu juu ya lori hadi mji wa mbali ndipo usikizwe.

Barua tuliyoiandika na mwalimu yule haikuwa na matusi wala vitisho. Ilianza kwa tarehe ya mauzo, namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini, na bei iliyolipwa. Ikafuata ahadi mbili za muuzaji kama zilivyotamkwa. Kisha tukaeleza siku kasoro ilipoonekana na alichokiona fundi, tukaambatisha maelezo yake yaliyotiwa sahihi, picha za zile bolti, nakala ya risiti na ujumbe wa malipo ya simu. Mwisho tukataja tulichotaka: ama fedha zirudishwe, ama gharama ya matengenezo ilipwe na hati ihamishwe, katika siku 14, la sivyo shauri lingepelekwa mahakamani. Nakala tulibaki nayo, na aliyeipokea kule yadini alitia sahihi kwamba ameipokea.

Aliyecheka kwenye simu hakucheka aliposoma. Alilipia ringi na kazi ya fundi. Nauli na siku za kazi zilizopotea alikataa katakata kuzilipa, na hati iliwasili baada ya majuma saba. Ushindi huo haukuwa kamili, wala sitaupamba. Lakini baina ya siku ya kicheko na siku ya malipo, sheria ilikuwa ni ile ile. Kilichoongezeka ni karatasi.

Suala la hati lastahili neno la peke yake, kwa maana ndilo linalowaponza wengi. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, mtu ambaye jina lake limo katika usajili ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye chombo hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo humtaka mwenye kuuza aarifu juu ya mabadiliko hayo katika siku 7, na hairuhusu chombo kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kubadili mikono kabla mwenye mpya hajasajiliwa. Siku hizi uhamisho huanzishwa na muuzaji katika mtandao wa serikali wa eCitizen, chini ya mamlaka ya usafiri NTSA, naye mnunuzi huukubali. Humo humo mtu aweza, kwa ada ndogo, kutafuta jina la mwenye chombo kabla ya kutoa hata senti. Muuzaji anayesema hati itafuata aambiwe kwamba sehemu ya fedha nayo itafuata.

Sisi tunaoishi mpakani tuna jambo la ziada la kuchunga. Pikipiki iliyovushwa bila kulipiwa ushuru huweza kutwaliwa na serikali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na kuwa nayo kwaweza kumtia mtu hatiani. Bei yake huvutia, lakini anayeinunua huwa amenunua kesi pamoja na chombo. Tena itamwia vigumu kwenda mahakamani kudai haki juu ya mali ambayo yenyewe inaikimbia sheria.

Baada ya barua, si lazima hatua inayofuata iwe mahakama. Katiba, Ibara ya 159, inaitaka Mahakama ihimize usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro, mradi zisikiuke haki za watu wala Katiba yenyewe. Kwetu njia hiyo twaiita maslaha, na imeokoa mengi. Dini ya wakazi wengi wa hapa nayo haiko kimya: fikihi ya Kiislamu humwajibisha muuzaji kuidhihirisha aibu ya bidhaa anayoijua, na humpa mnunuzi aliyefichwa aibu hiyo hiari ya kuirudisha. Sheikh anayewakumbusha pande mbili hukumu hiyo aweza kufanya kwa saa moja kazi ambayo mahakama ingeifanya kwa miezi. Ninaloomba ni kwamba wazee nao wawe na karatasi: maafikiano yaandikwe, yataje kiasi na tarehe, na pande zote zitie sahihi. Isieleweke, hata hivyo, kwamba Mahakama ya Kadhi ndiyo mahali pa kufungulia kesi ya pikipiki. Ibara ya 170 ya Katiba imeipa Mahakama hiyo masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi.

Usuluhishi ukishindikana, mlango wa mahakama u wazi. Mahali ilipoanzishwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 2016, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 husikizwa humo. Sheria imekusudia yamalizwe katika siku 60, na mdai aweza kujisimamia bila wakili. Mahali isipokuwapo, mahakama ya hakimu yatosha. Na wapenzi wa Kiswahili wafurahi kujua kwamba lugha za mahakama hizi za chini ni Kiingereza na Kiswahili. Madai yanayotokana na mkataba huweza kufunguliwa hadi miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, ingawa nimekwisha kueleza kwa nini si busara kungoja.

Nasikia sauti ya muuzaji akiuliza: na mimi je, sina haki? Anazo, na hizo nazo hulindwa kwa maandishi. Wako wanunuzi wanaoikimbiza pikipiki bila oili, wakaiunguza injini, kisha wakarudi wakidai kwamba waliuziwa mbovu. Mkataba unaosema wazi kwamba klachi imechoka na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo humkinga muuzaji mkweli kuliko mhuri wowote. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Watu huandikiana ili waendelee kuaminiana hata baada ya kumbukumbu kufifia.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Kila mwaka twafundisha insha ya barua rasmi. Mwanafunzi wetu ajua kupanga anwani mbili, mtajo na kimalizio. Humwandikia mwalimu mkuu kuomba ruhusa na mhariri kulalamikia takataka. Lakini mwanafunzi huyo huyo akimaliza shule, akanunua pikipiki ya kwanza ya kujitafutia riziki, hajui kuandika mkataba wa mistari kumi wala barua ya kudai haki yake. Elimu imemfikisha mlangoni, ikamwacha hapo.

Napendekeza basi kwamba tuingize mambo haya katika masomo tuliyo nayo, bila kungoja mtalaa mpya. Katika Kiswahili, insha moja ya kila muhula iwe mkataba wa mauzo au barua ya madai. Katika somo la Biashara, tunapogusia ulinzi wa mtumiaji, Ibara ya 46 isomwe darasani neno kwa neno. Katika Hisabati, wanafunzi wapige hesabu ya bei nafuu ikijumlishwa na matengenezo, nauli na siku za kazi zilizopotea, waone wenyewe kama bado ni nafuu. Na mwalimu wa Fizikia awaonyeshe kwa nini injini ya kununuliwa hupigwa ikiwa baridi, na jinsi oili nzito inavyoweza kuificha kwa muda sauti ya injini iliyochoka.

Nanyi wanafunzi msingoje kuwa watu wazima. Wengi wenu ndio wasomaji pekee katika nyumba zenu. Baba au kaka atakapokwenda kununua pikipiki, fuatana naye mkiwa na kalamu na fundi asiyejuana na muuzaji. Linganisheni namba ya chasisi na namba ya injini na zile zilizo katika hati. Tafuteni jina la mwenyewe. Andikeni kila ahadi, kisha muuzaji atie sahihi. Akikataa kuandika alichokisema kwa kinywa chake, amekwisha kuwajibu, na safari ya kurudi nyumbani mikono mitupu itakuwa na faida kuliko ununuzi wenyewe.

Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema haya kabla ya pikipiki ya kwanza kukanyaga mchanga wa Rhamu. Sheria za kumlinda mnunuzi wa Kenya zipo, na nyingine zina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Kazi iliyosalia ni ya watu wanaojua kusoma, kwamba wawasomee wengine. Kazi hiyo, waalimu wenzangu, ni yetu, na muhula ujao si mbali.